Shajara ya mradi: kitenganishi cha oili kwenye Subaru, msimu mmoja wa baridi Edmonton, Kanada

9 Septemba 2023 (km 118,400)

Leo nimefungua hozi inayoingia kwenye intakula (kipoozea hewa inayotoka kwenye tabo) nikapitisha kidole ndani. Kimetoka kinang'aa kama cha mtu aliyekula andazi. Oili si nyingi, lakini ipo, na pale haina shughuli.

Nikampigia mjomba Dar. Ni fundi magari wa mtaa wa Gerezani tangu enzi za Datsun, na jibu lake huwa linafika kabla swali halijaisha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Inapumua?"

Kwa mafundi wa kwetu, gari kupumua ni hukumu: ringi zimekwisha, shusha injini. Nikamwambia kompresheni nimeshapima, silinda zote nne zinakaribiana, na oili haipungui kwa kiasi cha kutisha. Akanyamaza kidogo. "Basi hiyo ni pumzi ya kawaida. Hakuna injini isiyopumua, anko. We angalia inapumulia wapi."

Gari lenyewe ni WRX ya 2016. Injini ya FA20: lita mbili, boksa (pistoni zimelala kulia na kushoto), tabo ya kusindilia hewa, injekta zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kila mlipuko unapoisukuma pistoni, gesi kidogo hupenya pembeni ya ringi na kushukia tumboni mwa injini. Zikikosa pa kutokea, presha inapanda na sili zinaanza kuvuja. Magari ya zamani sana yalikuwa na bomba tu la kumwaga moshi huo barabarani. Tangu miaka ya 1960, California ikitangulia, sheria zikalazimisha gesi zirudishwe kwenye njia ya hewa zikachomwe upya. Ni jambo jema kwa mapafu ya watu, ila zinaporudi zinabeba ukungu wa oili.

Zamani ukungu huo haukuwa na madhara makubwa, kwa sababu petroli ilipulizwa nyuma ya valvu za hewa, ikawa inaziosha. Kwenye injini ya aina yangu hakuna kinachoziosha. Oili inakaangika mgongoni mwa valvu, mwisho inakuwa masizi magumu ya kukwangua. Intakula nayo inapakwa mafuta ndani, na kitu kilichopakwa mafuta hakipoozi hewa vizuri.

Mpango: kuweka kitu katikati ya njia hiyo, kidake oili kabla haijafika kwenye tabo.

16 Septemba

Nimefunga mkebe wa kudakia oili. Ni wa alumini, ujazo wa nusu lita, ndani una wavu wa chuma wa kuvunja mwendo wa gesi ili matone yajikusanye na kudondoka, chini una koki ya kumwagia. Nimeuweka mbele kabisa pembeni ya rejeta, upepo wa barabarani unaupiga usoni. Kila anayeeleza kazi hii anasema mkebe ukipoa zaidi ndivyo unavyodaka zaidi, na mimi nimefuata.

Saa tatu za kazi, moja kati ya hizo ni ya kutafuta klipu iliyodondokea juu ya bamba la chini. Funzo dogo: usitumie kipande cha hozi ya rejeta kwa sababu tu kinatosha. Ukungu wa oili una petroli ndani yake na utakilainisha mpaka kifyonzwe na kujikunja. Nunua hozi ya oili.

14 Oktoba (km 119,500)

Kilomita 1,100 tangu nifunge. Nimemwaga mililita 35 za oili nyeusi, inanuka petroli. Nikamtumia mjomba picha. Akajibu kwa sauti, akicheka: "Yote hiyo ingekwenda kwenye valvu." Nimelala vizuri.

28 Oktoba (km 120,050)

Theluji ya kwanza imeshaanguka, leo asubuhi -12. Nimefungua koki nikitegemea vijiko viwili vya oili. Zimetoka mililita 110, kwa kilomita 550 tu.

Na si oili. Ni kitu cha rangi ya chai ya maziwa, kizito, chenye mapovu, kinashuka polepole kama mtindi. Nimekitia kwenye chupa ya jamu nikakiweka dirishani kitulie. Mke wangu akauliza hiyo chai ni ya nani. Sikumjibu haraka, ikabidi aisogeze mbali na vikombe mwenyewe.

29 Oktoba

Chupa imejitenga usiku: juu kidole cha oili, katikati utando mzito wa rangi ya maziwa, na chini, zaidi ya nusu ya chupa, maji. Maji yenye rangi ya mkojo na harufu ya petroli, lakini ni maji.

Kwa mtu aliyekulia Dar hili linashangaza, kwa hiyo nimekaa na kalamu. Petroli ni haidrojeni na kaboni. Haidrojeni ikiungua inakuwa maji. Ukipiga hesabu, lita moja ya petroli ikiungua yote inatoa takriban lita moja ya maji. Karibu yote yanatoka kwa ekzosti. Ndiyo yale mawingu meupe nyuma ya kila gari hapa asubuhi. Lakini sehemu ndogo inapita kwenye ringi pamoja na gesi nyingine na kuingia tumboni, na injini ikiwa ya baridi inapita zaidi, maana pistoni bado haijatanuka kuijaza silinda yake.

Dar maji hayo hukuyaona kwa sababu mvuke wake haukupata pa kupoa ukawa matone. Oili inafika nyuzi 90 na kitu, mvuke unapaa, unavutwa, unakwisha. Hapa nimeuwekea mvuke huo bilauri ya barafu njiani. Moshi wa petroli huanza kutoa umande unapogusa kitu kilicho chini ya nyuzi 50 hivi. Mkebe wangu uko kwenye upepo wa hasi 12. Unadaka oili, ndiyo, ila kazi yake kubwa sasa ni kutengeneza maji.

Na safari zangu zinazidisha ubaya. Nyumbani hadi kazini ni kilomita saba. Geji ya kulanti (maji ya kupozea injini) inafika katikati nikiwa nimeshavuka daraja, ila oili huchelewa sana kuliko kulanti. Nikizima gari bado ni vuguvugu. Kila safari inaongeza maji, hakuna safari inayoyakausha.

12 Novemba

Sasa namwaga kila Jumapili. Leo ni hasi 9, lakini usiku ilikuwa hasi 17 na koki imegoma: kipande cha barafu kimekaa ndani yake. Nimetoka na birika la maji ya moto nikawa namwagia mkebe kidogo kidogo, kama ninayenyonyoa kuku. Jirani alikuwa anakwangua kioo cha gari lake. Alisimama akatazama, akarudi kukwangua.

18 Novemba (km 120,800)

Koki kuganda ni usumbufu. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba barafu ikipanda juu ya koki, ikafika kwenye mdomo wa hozi, injini inabaki haina pa kupumulia. Gesi hazisubiri. Zitatafuta mlango: kijiti cha kupimia oili, gasketi za vifuniko vya valvu, au, Mungu aepushe, sili ya nyuma ya krenki, ambayo kuibadilisha lazima gia boksi ishuke.

Si tatizo la mikebe ya kununua peke yake. BMW walikuwa na toleo maalumu la mfumo wa kupumulia kwa ajili ya nchi za baridi, hozi zake zimevikwa sponji. Magari mengi ya sasa yana kihita kidogo cha umeme mahali hozi ya kupumulia inapoingia kwenye bomba la hewa. Wenye viwanda wameshaliona jambo hili. Sisi wa kuongeza vikopo ndio tunaosahau.

Kwa hiyo nabadili mwelekeo. Nimeagiza kitenganishi kinachopashwa moto na kulanti. Umbo lake ni mkebe vilevile, ila una mfereji wa kulanti ukutani, na fikra yake ni kinyume kabisa. Mkebe baridi unataka kila kitu kigeuke matone. Kitenganishi cha moto kinataka maji yabaki mvuke yapite zake yakachomwe, huku matone ya oili, ambayo ni mazito, yakizungushwa na kupigwa ukutani mpaka yateremke. Oili iliyodakwa inarudi kwenye injini kwa hozi ya chini. Hakuna kumwaga Jumapili, hakuna birika.

Hapo kwenye kurudisha ndipo wenye magari haya wanapogombana. Wapo wanaosema kinachodakwa kisirudi kamwe, maana kikiwa na maji unayarejesha ndani. Wengine wanasema kikiwa moto hakidaki maji. Nimechagua cha kurudisha. Sababu zangu ningeweza kuzivisha suti, lakini ni uvivu.

2 Desemba (km 121,300)

Kimefungwa. Siku nzima, na vidole viwili vimechubuka.

Swali lililonichukua muda ni kulanti niitoe wapi. Hozi kubwa ya rejeta iko karibu na inavutia, lakini thamostati ikiwa imefunga, yaani robo saa yote ya mwanzo, kulanti ya upande ule haitembei. Hozi za hita ya ndani ya gari zinatembeza kulanti tangu injini inapowaka. Nimekata pale. Dakika sita baada ya kuwasha, kitenganishi kilikuwa hakishikiki kwa mkono.

Anayerudia kazi hii kwenye boksa asikimbilie kufunga boneti baada ya kujaza kulanti. Hewa inajificha kwenye hizi injini kama kuku anayetafutwa siku ya sikukuu. Nilitumia faneli ndefu, pua ya gari juu kwenye kilima, hita imefunguliwa mwisho, nikasubiri mapovu yaishe, yakaisha, nikanywa chai, yakaanza tena.

Hali ya hewa: hasi 1. Desemba, Edmonton, hasi 1. Watu wanaongea kuhusu El Niño kwenye foleni za maduka.

25 Desemba (km 122,200)

Krismasi bila theluji. Majani makavu, udongo mtupu, watoto wanaendesha baiskeli. Wenyeji wamenuna kana kwamba wameibiwa.

Kitenganishi kinafanya kazi mpaka nimekisahau. Hozi ya intakula ni kavu. Nimempigia mjomba kumpa heri ya sikukuu na nikajisifu kidogo, labda si kidogo.

Nilipofungua kifuniko cha kujazia oili nikaona utando wa rangi ya maziwa upande wa ndani. Mwembamba. Nikaufuta kwa kitambaa nikafunga. Nimeandika hapa kwa sababu nimejiahidi kuandika kila kitu.

13 Januari 2024

Sasa ndiyo. Tangu juzi hatujaona juu ya hasi 30, na leo uwanja wa ndege umepita hasi 40, nyuzi ambazo Selsiasi na Farenhaiti wanakutana kwa hiyo hakuna haja ya kubadilisha. Ukitoka nje, vinyweleo vya pua vinaganda kwa pumzi ya kwanza.

Kwa wasioishi huku: magari ya hapa yana waya wa umeme unaochungulia mbele ya bampa. Usiku unalichomeka gari kwenye soketi kama simu. Ndani kuna hita, kwangu ni ya wati 400, inayopasha kulanti iliyomo kwenye bloku ili asubuhi injini iwake. Oili iliyo kwenye sampu, bakuli lake la chini ya injini, inaambulia joto kidogo tu.

Jioni simu zote za nyumba zikalia kwa pamoja king'ora cha dharura. Mkoa wa Alberta umeelemewa na umeme: zimeni taa msizozihitaji, ahirisheni mashine za kufulia, msichaji magari ya umeme, msichomeke hita za bloku. Nikatazama dirishani, nikaona waya wangu kwenye theluji. Nikatoka nikauchomoa. Mtu aliyekulia na mgao wa umeme anajua adabu ya kusubiri. Tahadhari ikaondolewa usiku huohuo, nikarudisha waya, ila gari lilikuwa limeshapoa.

14 Januari (km 122,750)

Imetokea.

Gari limewaka kwa shida, limenguruma dakika kumi, nikaondoka. Kilomita ya tatu nikasikia mluzi mwembamba kutoka chini ya boneti, unapanda na kushuka na mafuta ninayokanyaga. Kilomita ya nne harufu ya oili ya kuungua ikaingia kupitia hita. Nikasimama pembeni, nikazima palepale.

Kijiti cha oili kilikuwa kimesimama nje ya bomba lake kama sentimita tatu. Kimesukumwa. Oili imetapakaa kukizunguka na matone yamefika kwenye ekzosti. Nilipolegeza kifuniko cha kujazia, kikatoa pumzi ndefu kama chupa ya soda iliyotikiswa.

Nilikuwa na glavu mbili juu ya nyingine na dakika chache kabla vidole havijafa, kwa hiyo sikupekua sana. Kitenganishi chenyewe kilikuwa vuguvugu, hakijaganda. Hozi yake ya kutokea, ambayo nimeivusha juu ya injini kama sentimita 60 mpaka kwenye bomba la kuingizia hewa ya tabo, ilikuwa ngumu kama fimbo. Gari likavutwa.

Nimempigia mjomba jioni. Hakucheka. Akauliza: "Hewa safi inaingilia wapi?" Nikaanza kumweleza hozi ya kutokea. "Sikuulizi inapotokea. Nakuuliza inapoingilia."

Sikuwa na jibu.

20 Januari

Rafiki mmoja wa Eldoret ana gereji nyumbani kwake yenye hita. Amenipa Jumamosi nzima na ugali. Alipouona mpango wangu wa hozi alisema, "Wewe umejenga friji mbili, moja ina heater." Namnukuu kwa hisani yake.

Tulichokikuta, kwa mpangilio wa ubaya:

Hozi ya kutokea. Mvuke unatoka kwenye kitenganishi ukiwa moto na umejaa maji, kama nilivyotaka. Halafu unasafiri sentimita 60 za mpira usiovikwa kitu na kukutana na hewa ya hasi 38 inayovutwa na tabo. Pale kwenye kiungo barafu ilikuwa imejijenga kama ile ya friza isiyoyeyushwa mwaka mzima. Ilibaki tundu la kupitisha kalamu, kisha halikubaki. Sikuwa nimeyaondoa maji njiani. Nilikuwa nimeyasogeza tu mahali pengine pa kugandia. Na tumshukuru Mungu kwamba bonge lile halikumeguka likaingia kwenye mapanga ya tabo.

Hozi ya kurudishia oili. Niliipitisha chini kidogo kisha ikapanda, ikafanya tumbo. Kwenye tumbo hilo maji yalituama yakawa gololi ya barafu. Hozi ya kuteremshia iteremke mwanzo mpaka mwisho. Hili hata mtoto anayecheza na mfereji wa mvua analijua.

Na la tatu, la mjomba, lililonifanya nikae kwenye ndoo nifikiri. Kiwandani injini hii ina njia mbili. Ukienda taratibu au ukiwa umesimama, manifoldi (bomba la kugawia silinda hewa) inavuta gesi kupitia valvu ya kupumulia, na nafasi yake inachukuliwa na hewa safi iliyopita kwenye filta, inayoingia kwa hozi ya pili. Tumbo la injini linapitiwa na upepo muda wote. Tabo ikikaza, valvu inajifunga na hozi ya pili inageuka kuwa ya kutolea. Mimi, kwa kufuata mchoro wa kifurushi bila kuuliza, niliziba upande wa manifoldi na kupeleka hozi zote kwenye kitenganishi, kisha kwenye bomba la tabo. Injini ikawa inatoa pumzi bila kuvuta. Mvuke ulikuwa unatoka kwa kusukumwa na mvuke mwingine. Maji yaliyobaki yakawa na muda wote duniani wa kulowea kwenye oili.

Kinachoumiza ni kwamba hewa ya hasi 30 ni kavu mno. Haibebi karibu chochote. Ikiingia kwenye injini ya moto inafyonza unyevu kama taulo. Nilikuwa nimezungukwa na kikaushio cha bure na nikakifungia nje.

Tulipima. Tulichukua hozi ya plastiki inayoonyesha ndani, tukaikunja herufi U kwenye ubao, tukatia maji ya buluu ya kuoshea kioo (ya kawaida yangeganda nikiyaacha kwenye gari), upande mmoja tukauunga kwenye bomba la kijiti. Injini ikiwa bila mzigo, kwa mpangilio wangu mbovu ulioyeyushwa: mvuto wa sentimita moja. Tukibana hozi ya kutokea kwa koleo, maji ya buluu yalipanda na kurukia nje kwenye sakafu ndani ya sekunde chache. Sasa najua kijiti kilisukumwa na nini.

Kisha jaribio la kaango. Kaango kuukuu juu ya jiko la umeme, moto wa kutosha, tone la oili kutoka kwenye sampu. Oili safi hutulia na kufuka moshi mwembamba. Yangu ililia kama vitunguu. Kilomita 1,450 tu tangu kubadilishwa.

Tumemwaga oili yote.

21 Januari

Mpangilio mpya, ulioandikwa kabla sijausahau.

Valvu ya kiwandani imerudishwa kazini. Gesi zinatoka tumboni, zinapita kwenye kitenganishi, zinaingia manifoldi. Hozi ya pili imerudi kwenye bomba la hewa, baada ya filta, ili ilete hewa safi. Kitenganishi kimehama kutoka ukuta wa pembeni hadi karibu na ukuta wa nyuma wa boneti, ambako joto la injini linajikusanya, na hozi ya kutokea imefupishwa kutoka sentimita 60 hadi 20. Hozi zote za kupumulia zimevikwa sponji nyeusi ya mabomba ya nyumbani, ile yenye mpasuko, ikafungwa kwa zipu za plastiki. Haipendezi.

Hozi ya kurudishia nimeiziba kwa msimu wa baridi. Chini ya kitenganishi nimeweka kichupa chenye koki, mahali ninapoweza kukifikia bila kuvua koti. Uvivu umeshindwa hoja.

Kipimo cha buluu sasa: mvuto wa sentimita 6 injini ikiwa bila mzigo. Nikifungua kifuniko cha oili, mlio wa injini unabadilika kidogo, yaani inavuta kweli.

3 Februari (km 123,150)

Mwisho wa Januari joto lilirudi ghafla, barabara zikawa matope, kwa hiyo jaribio halina maana bado. Kichupa: mililita 8, nyeusi, maji kidogo sana. Kifuniko cha oili: safi.

Badiliko jingine halihusu vyuma. Mara mbili kwa wiki nikitoka kazini sirudi moja kwa moja. Napita Anthony Henday, ile barabara ya kuuzunguka mji, nusu saa kwa mwendo usiobadilika. Mke wangu anaamini naenda kufikiri, lakini nakausha oili.

2 Machi (km 124,300)

Baridi imerudi na theluji nyingi. Wiki hii asubuhi ilikuwa kati ya hasi 18 na hasi 25, gari limelala nje, hita ya bloku ikiwaka kwa muda wa saa nne kila usiku. Safari fupi zilezile za kilomita saba, na zile mbili ndefu.

Nimepima kila kitu leo. Kichupa kwa kilomita 1,150 tangu Februari 3: mililita 31. Nilizitia kwenye chupa ileile ya jamu. Baada ya usiku mmoja, maji yalikuwa robo hivi, iliyobaki oili. Kiungo cha manifoldi hakina barafu. Kwenye hozi ya hewa safi kuna unyevu kidogo upande wa bomba la tabo, bila barafu, ila nitaongeza sponji pale, kwa sababu tabo ikikaza hozi hiyo hutoa badala ya kuvuta. Kipimo cha buluu: sentimita 6, haijabadilika. Kaango: tone lilikaa kimya.

Kifuniko kina ukungu mwembamba sana, si wa rangi ya maziwa. Kwa safari za kilomita saba kwenye hasi 20 sitegemei zaidi ya hapo, na anayeniambia chake ni kikavu kabisa nitamuuliza anakaa umbali gani na kazini kwake.

Nimemtumia mjomba picha ya ubao wa herufi U. Amejibu kwamba anautaka wa kwake, kuna Noah imeletwa pale Gerezani jana, mwenyewe anaapa ringi ni nzima.

Kilichobaki: klipu moja ya kulanti kwenye hozi ya hita inadondosha tone kila asubuhi, kabla mpira haujapata joto na kutanuka. Nimenunua ya springi, inayojikaza yenyewe. Jumamosi ijayo, ikiwa juu ya hasi 10.